Blaise Pascal: Aliyepima uzito wa hewa na kuliachia dunia jina la kipimo

FUNDI anayejaza upepo gurudumu la gari hutazama sahani yenye duru mbili za namba, moja ya bari na nyingine ya PSI. Muuguzi anayepima shinikizo la damu husoma milimita za zebaki. Mtabiri wa hali ya hewa huzungumzia hektopaskali, na mhandisi wa mabomba ya maji huandika kilopaskali.

Wote wanne wanapima jambo moja, nalo ni mgandamizo, yaani nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani. Kipimo rasmi cha kimataifa cha jambo hilo huitwa paskali, na jina hilo ni la Mfaransa aliyefariki dunia mwaka 1662 akiwa na umri wa miaka 39 tu.

Huyo ni Blaise Pascal. Wengi humfahamu kama mwanahisabati na wengine kama mwandishi wa mambo ya dini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tangu ujana wake alihangaika na kazi ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine, katika zama ambazo hata ndani ya nchi moja vipimo vilitofautiana kutoka mji hadi mji.

Mtoto asiyepelekwa shule

Pascal alizaliwa Juni 19, 1623, katika mji wa Clermont, ambao leo unaitwa Clermont-Ferrand, katika eneo la milima la Auvergne, katikati ya Ufaransa. Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa ofisa wa mahakama ya kodi na mpenzi mkubwa wa hisabati.

Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mwaka 1626 na kuacha watoto watatu: Gilberte, Blaise na Jacqueline. Mzee Pascal hakuoa tena. Mwaka 1631 aliihamishia familia yake Paris na kuamua kuwafundisha watoto yeye mwenyewe nyumbani.

Mpango wake ulikuwa kwamba kijana ajifunze kwanza Kilatini na Kigiriki, na hisabati ije baadaye. Vitabu vyote vya hisabati viliondolewa machoni pake.

Katazo hilo halikudumu. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha dada yake Gilberte, baba alimkuta Blaise, akiwa na miaka 12, akichora maumbo sakafuni kwa mkaa. Alikuwa akitafuta, bila mwalimu, uthibitisho kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa huwa sawa na pembe mbili za digrii 90. Baba akasalimu amri na kumkabidhi kitabu cha jiometri cha Euclid.

Haikuchukua muda kijana huyo akaanza kuhudhuria mikutano ya wanazuoni iliyofanyika kwa Padre Marin Mersenne jijini Paris. Mwaka 1640 alichapisha andiko fupi kuhusu maumbo yanayopatikana koni inapokatwa, ambalo aliliandika akiwa na umri wa miaka 16.

Mashine ya kumpunguzia baba mzigo

Mwaka 1638 mambo yalimgeukia mzee Pascal. Alikuwa miongoni mwa watu waliolalamikia hatua ya serikali iliyopunguza faida ya dhamana walizowekeza fedha zao, na ikambidi akimbie Paris ili asikamatwe kwa amri ya Kardinali Richelieu, aliyekuwa waziri mkuu.

Aliyemwokoa ni binti yake mdogo. Mwaka 1639 Jacqueline, akiwa na miaka 13, aliigiza katika mchezo wa watoto mbele ya Richelieu, akamfurahisha, kisha akamwombea baba yake msamaha. Msamaha ulitolewa, na mzee huyo akapewa kazi ya kusimamia kodi mjini Rouen, katika jimbo la Normandy.

Kazi hiyo ilikuwa nzito kwa sababu ya vipimo vyenyewe vya fedha. Livre moja ilikuwa sol 20, na sol moja ilikuwa denier 12. Kila jumla ilihitaji kugeuza denier kuwa sol na sol kuwa livre, na kosa moja dogo lilimlazimu mhasibu kuanza upya.

Mwaka 1642, kabla ya kutimiza miaka 20, Blaise alianza kubuni mashine ya kufanya kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na magurudumu yenye meno; gurudumu moja likimaliza mzunguko wake, lilisukuma la jirani hatua moja. Magurudumu ya livre yalihesabu kwa 10, la sol kwa 20 na la denier kwa 12.

Alijaribu miundo ipatayo 50. Mwaka 1645 aliiwasilisha mashine hiyo kwa Kansela Pierre Séguier, na mwaka 1649 akapewa hati ya mfalme iliyomlinda dhidi ya waigaji. Hata hivyo, bei yake ilikuwa kubwa na wanunuzi wakawa wachache. Mashine chache zilizosalia huhifadhiwa hadi leo katika makumbusho, ikiwamo ile ya sanaa na ufundi jijini Paris.

Mzozo kuhusu mahali patupu

Wakati huo huo habari za ajabu zilikuwa zikitoka Italia. Mafundi wa pampu walikuwa wamegundua kwamba maji hayavutwi kupita kimo cha takriban mita 10, hata pampu iwe imara kiasi gani.

Karibu mwaka 1644, Evangelista Torricelli na mwenzake walijaza zebaki katika mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, wakaugeuza ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo kisha ikasimama katika kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake ikabaki nafasi isiyoonekana kuwa na kitu.

Maswali mawili yalizuka. Kuna nini katika nafasi hiyo? Na ni kitu gani kinachoizuia zebaki isiendelee kushuka? Tangu enzi za Aristotle, wanazuoni walifundisha kwamba maumbile hayaruhusu mahali patupu kabisa, yaani ombwe. Torricelli alikuwa na wazo jingine: hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaoibeba zebaki.

Habari hizo ziliwafikia akina Pascal mwaka 1646 kupitia mhandisi Pierre Petit, na mwezi Oktoba mwaka huo wakarudia jaribio hilo mjini Rouen. Mji huo ulikuwa na mafundi hodari wa vioo, hivyo Pascal aliweza kuagiza mirija yenye urefu wa takriban mita 15. Mirija hiyo ilifungwa kwenye mlingoti wa meli ili isivunjike, na majaribio yakafanyika hadharani.

Mrija mmoja ulijazwa maji na mwingine divai. Wapinzani wake walidai kwamba nafasi ya juu imejaa mvuke wa kimiminika chenyewe. Kama hivyo ndivyo, divai, ambayo hutoa mvuke kwa wepesi zaidi, ingepaswa kushuka chini kuliko maji. Ilipogeuzwa, divai ilisimama juu zaidi. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, uzito ule ule wa hewa uliweza kuinyanyua juu zaidi.

Mwaka 1647 Pascal alichapisha matokeo yake, na upinzani ukaja mara moja. Padre Étienne Noël, Mjesuiti, alimwandikia kuutetea msimamo wa zamani. Mwanafalsafa René Descartes alimtembelea Paris mwezi Septemba mwaka huo. Descartes alikubali kwamba hewa ina uzito lakini hakuamini kuwapo kwa ombwe, na baadaye alidai kuwa ndiye aliyempa Pascal wazo la jaribio la mlimani.

Siku ya Puy de Dôme

Hoja ya jaribio hilo ilikuwa nyepesi kueleweka. Ikiwa ni uzito wa hewa unaoibeba zebaki, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu ya kichwa ni pungufu, zebaki haina budi kusimama chini zaidi. Ikiwa ni maumbile yanayokataa ombwe, hakuna sababu ya kukataa zaidi bondeni kuliko kileleni.

Paris haina mlima, na afya ya Pascal ilikuwa mbaya. Novemba 15, 1647, alimwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa Gilberte, aliyeishi Clermont karibu na mlima Puy de Dôme, wenye urefu wa takriban mita 1,465 kutoka usawa wa bahari. Kazi na hali mbaya ya hewa vilimchelewesha Périer kwa miezi 10.

Asubuhi ya Septemba 19, 1648, Périer alikutana na mapadre na waheshimiwa kadhaa wa mji katika bustani ya nyumba ya watawa. Alijaza mirija miwili zebaki, na yote miwili ikasoma sawa. Mmoja uliachwa hapo chini ya uangalizi wa mtawa, wa pili ukapandishwa mlimani.

Bustanini zebaki ilisimama kwenye pouce 26 na ligne 3 na nusu, kwa vipimo vya wakati huo. Pouce moja ilikuwa na ligne 12. Kileleni ilisimama kwenye pouce 23 na ligne 2. Tofauti ilikuwa pouce 3 na ligne 1 na nusu, zaidi ya sentimita 8.

Watu walioshuhudia walipigwa na butwaa, na Périer hakuridhika kwa kupima mara moja. Alipima mara tano kileleni, ndani ya kikanisa na nje, penye upepo na penye kinga. Jibu halikubadilika. Wakati wa kushuka walipima njiani, na namba ikawa kati ya ile ya kileleni na ile ya bustanini. Walipofika chini, mtawa aliwaambia kuwa mrija wake haukutikisika tangu asubuhi.

Pascal alipopata taarifa hiyo alirudia jaribio mwenyewe juu ya mnara wa Saint-Jacques jijini Paris, wenye kimo cha mita 50 hivi. Hata hapo tofauti ilionekana, ingawa ilikuwa ndogo. Kabla mwaka haujaisha, taarifa ya Clermont ilikuwa imechapishwa.

Siku hiyo moja iliweka msingi wa chombo kinachotumika hadi leo katika ndege kuonyesha urefu kutoka chini. Ndiyo sababu pia wapanda mlima wanaofika kilele cha Kilimanjaro hupata taabu ya kupumua: mgandamizo wa hewa huko ni karibu nusu ya ule wa pwani.

Mtu mmoja sawa na mia

Mpaka kufikia mwaka 1654, Pascal alikuwa ameandika kitabu kuhusu ulinganifu wa vimiminika na uzito wa hewa, kilichochapishwa mwaka 1663 baada ya kifo chake. Humo alieleza kwamba mgandamizo unaotiwa katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa pande zote.

Alitoa mfano wa chombo kilichojaa maji chenye matundu mawili, moja likiwa na eneo kubwa mara 100 kuliko jingine, kila moja likiwa na pistoni. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo, atalingana na watu 100 wanaosukuma ile kubwa. Siri ni kwamba mgandamizo ni ule ule, lakini eneo ni kubwa mara 100.

Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Breki za magari, jeki za mafuta na mikono ya matingatinga hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Dini, maumivu na mabasi ya farasi

Kwa mujibu wa Gilberte, tangu akiwa na miaka 18 Pascal hakupata hata siku moja bila maumivu. Mwaka 1646 baba yake aliteleza kwenye barafu na kuumia nyonga, na waliomtibu walikuwa wafuasi wa kundi la Wakatoliki wenye msimamo mkali lililoitwa Wajanseni. Kupitia wao familia nzima ilivutwa upande huo.

Baba alifariki mwaka 1651. Mwezi Januari 1652 Jacqueline aliingia utawani katika nyumba ya Port-Royal, licha ya kaka yake kutopendezwa na jambo hilo.

Mwaka 1654 ulikuwa wa pekee. Kwa barua walizoandikiana, Pascal na Pierre de Fermat waliweka msingi wa hisabati ya uwezekano, wakianzia na swali la namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatishwa. Usiku wa Novemba 23 mwaka huo alipata tukio kubwa la kiroho, akaliandika katika karatasi na kuishonea ndani ya koti lake. Iligunduliwa baada ya kufa kwake.

Kati ya mwaka 1656 na 1657 aliandika, kwa jina la kubuni, barua 18 za kuwatetea Wajanseni dhidi ya Wajesuiti. Maandishi aliyokuwa akiyaandaa kutetea Ukristo yalichapishwa mwaka 1670 kwa jina la Pensées.

Mwisho wa maisha yake alirudi katika mambo ya mji. Machi 18, 1662, yeye na rafiki yake, Mtawala wa Roannez, walianzisha magari ya farasi ya kubeba abiria jijini Paris. Yalikuwa na njia maalumu, nauli ya sol tano na nyakati za kuondoka, bila kusubiri abiria wajae. Wanahistoria huyahesabu kuwa mwanzo wa usafiri wa umma wa mjini, ingawa bunge la Paris liliwazuia askari, watumishi na vibarua kuyapanda. Pascal alitaka mapato yake yawasaidie maskini wa Blois.

Mwezi Juni mwaka huo mtoto wa familia maskini aliyokuwa akiihifadhi nyumbani kwake aliugua ndui. Badala ya kuitoa familia hiyo, Pascal alitoka yeye, akahamia kwa dada yake Gilberte. Hakurudi tena. Alifariki Agosti 19, 1662, na kuzikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont.

Namba za Périer kwa vipimo vya leo

Mfumo wa metriki ulizaliwa Ufaransa mwaka 1795, zaidi ya karne moja baada ya Pascal kufariki, na ukaondoa usumbufu wa 12 na 20 kwa kuhesabu kwa makumi. Mwaka 1971 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba mgandamizo wa nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba uitwe paskali.

Ni kipimo kidogo mno. Karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, ikilala juu ya meza, huikandamiza kwa takriban paskali 0.8. Ndiyo maana hutumika zaidi ikiwa na kiambishi: hektopaskali ni paskali 100, kilopaskali ni 1,000 na megapaskali ni 1,000,000.

Bari moja ni paskali 100,000, yaani kilopaskali 100. Hivyo bari hugeuzwa kuwa kilopaskali kwa kuzidisha kwa 100, na kilopaskali hurudishwa kuwa bari kwa kugawanya kwa 100. Milibari na hektopaskali ni sawa kabisa, moja kwa moja.

Gurudumu lenye bari 2.2 lina kilopaskali 220, au hektopaskali 2,200. Ikumbukwe tu kwamba kipimo cha gurudumu huanza kuhesabu juu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, ambao nao ni karibu bari moja. Mgandamizo kamili ndani yake ni takriban bari 3.2.

Kilogramu kwa sentimita ya mraba, inayoonekana katika mitambo ya zamani, ni paskali 98,066.5, yaani pungufu ya bari kwa asilimia 2 hivi. Milimita moja ya zebaki ni paskali 133.3. Shinikizo la damu la 120 kwa 80 ni kilopaskali 16 kwa 10.7. Na mgandamizo wa kawaida wa hewa katika usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki, ni hektopaskali 1,013.25.

Kwa hesabu hiyo, mrija wa Périer ulisimama bustanini kwenye milimita 712 na kileleni kwenye milimita 627. Zikizidishwa kwa 133.3 zinakuwa takriban paskali 94,900 na 83,600. Zikigawanywa kwa 100 zinakuwa hektopaskali 949 na 836. Mlima ulikuwa umepunguza hektopaskali 113, sawa na bari 0.113.

Umakini wa kugeuza vipimo hivyo haujapungua thamani. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni sawa na mita nane hivi za kimo. Rubani anayepanga chombo chake cha kupima urefu kwa namba iliyokosewa kwa hektopaskali 10 atasomewa urefu usio wake kwa zaidi ya mita 80, na katika ukungu mita hizo ndizo zinazotenganisha ndege na ardhi.